Jinsi ya kula xiaolongbao bila kumwaga supu: mwongozo kamili wa migahawa midogo ya Shanghai, Yiwu na Guangzhou

Kitu kinachoniuma kila nikikutana na ndugu zetu wa Kariakoo wanaoenda China kufuata mzigo ni hiki: mtu amekaa Yiwu wiki 2, akaunganisha Guangzhou wiki nyingine, ukimuuliza umekula nini huko anakwambia kuku na chipsi, kuku na wali, na ile tambi ya kopo ya kumwagia maji ya moto hotelini. Wiki 3 nzima! Na nje ya hoteli yake hapo, hatua 50 tu, kuna mama ameamka alfajiri anasukuma unga na kufunga xiaolongbao, vifuko vya unga vyenye nyama na supu ndani, kwa mkono kimoja kimoja, mvuke unatoka mpaka barabarani, yeye kapita kila asubuhi na begi lake mgongoni.

Nimeongea nao wengi na sababu ni zile zile. Menyu ya Kichina tupu. Kuogopa kitimoto. Vijiti. Wengine walijaribu mara moja wakaungua ulimi wakasema basi. Nilisoma Shanghai miaka kadhaa, baadae nikawa nasindikiza watu sokoni Yiwu kuwatafsiria, na kila hofu kati ya hizo nimeiona ikiisha ndani ya mlo mmoja mtu akielekezwa vizuri, kwa hiyo naandika yote hapa mtu asome kabla hajapanda ndege.

Jambo moja ulishike mapema, maana linaongoza kila kitu huko mbele: vyakula hivi vya bei ya kawaida vya Asia vinaliwa pale pale vinapotengenezwa na muda ule ule vinapotoka jikoni. Ni kama urojo wa Zanzibar au mishkaki ya Forodhani, ukishaubeba urojo kwenye mfuko hadi nyumbani sio urojo tena. Ukielewa hilo utajua uende wapi, uende saa ngapi, uagize kiasi gani, na kwa nini usikae unapiga picha 20 wakati kikapu kinapoa.

Xiaolongbao ni kitu gani

Tamka "shyao-long-bao". Xiaolong ni kikapu kidogo cha kupikia kwa mvuke, kile cha mianzi, na bao ni kifuko cha unga chenye kitu ndani. Wenyewe Shanghai wengi wanasema xiaolong mantou, kwa hiyo ukiona jina hilo usishangae ni kitu kile kile. Asili yake inatajwa kuwa Nanxiang, mji mdogo uliopo wilaya ya Jiading pembeni ya Shanghai, karne ya 19.

Sasa watu wote swali lao ni moja, supu inaingiaje mule ndani? Hawachomi na sindano. Umewahi kuacha supu ya makongoro kwenye friji usiku, asubuhi ukaikuta imeganda inatikisika kama jeli? Ndio hiyo hiyo siri. Wanachemsha ngozi ya nguruwe masaa mengi mpaka maji yanakuwa mazito, yakipoa yanaganda, wanayakatakata vipande vidogo na kuchanganya na nyama ya kusaga, halafu wanafunga kwenye unga. Kikapu kikikaa kwenye mvuke ile jeli inayeyuka na kurudi kuwa supu, nyama inakuwa inaogelea ndani. Unga wake hauna hamira ndio maana unaweza kusukumwa mwembamba vile bila kunyonya supu, na fundi anaacha katikati pawe panene kidogo kuliko pembeni ili kitako kisipasuke wakati wa kunyanyua.

Na hapo hapo ndio unaelewa kwa nini haisubiri. Ikipoa, supu inaanza kurudi jeli, unga unakauka na kung'ang'ania kikapu, ukivuta kinachanika na supu yote inaishia chini. Una kama dakika 5 nzuri na dakika 5 nyingine za kuvumilika, baada ya hapo unakula nyama iliyofungwa kwenye unga tu.

Kwanza suala la kitimoto, tulimalize

Xiaolongbao ya kawaida ya Shanghai ni nguruwe. Nyama ni nguruwe, supu ni ngozi ya nguruwe. Hata ile ya kaa, inayoitwa xiefen, mara nyingi ni kaa iliyochanganywa na nguruwe. Kama huli, usikae kwenye duka la kawaida ukaanza kuuliza uliza, huko hutatoka na jibu la kukutuliza moyo.

Na kuna mtego ambao umewanasa watu wengi, mmoja wao rafiki yangu wa karibu kabisa, mtu wa swala 5, ambaye alikula miezi miwili kwenye mgahawa jirani na chuo akijua anakula ng'ombe. Kwa Kichina neno "rou" lina maana ya nyama, ila kwenye menyu likiandikwa peke yake bila jina la mnyama, ni nguruwe. Ng'ombe lazima watamtaja, kuku watamtaja, kondoo watamtaja, nguruwe ndio nyama yenyewe. Alipokuja kujua aliumia sana na hakuna mtu aliyemdanganya, menyu ilisema rou na yeye akatafsiri nyama. Kwa hiyo hifadhi hizi kwenye simu yako kama picha, unaonyesha tu:

清真 — qingzhen, tamka "ching-jen", maana yake halali. Utaiona kwenye bango la kijani mara nyingi, na pembeni yake maandishi ya Kiarabu.
猪肉 — zhurou, nguruwe. Hii 猪 ya kwanza ndio ya kukimbia.
牛肉 — niurou, ng'ombe. 羊肉 — yangrou, kondoo au mbuzi. 鸡肉 — jirou, kuku.
我不吃猪肉 — wo bu chi zhurou, mimi sili nguruwe.

Hiyo sentensi ya mwisho inasaidia lakini haitoshi, maana mboga zinaweza kukaangwa na mafuta ya nguruwe na mpishi kwa akili yake ameona hajakuwekea nguruwe, mafuta si nyama, na divai ya kupikia wanaweka sehemu nyingi bila kuihesabu. Ukitaka usalama tafuta bango la qingzhen, mwisho wa maneno.

Ila usifikiri Muislamu amenyimwa vifuko vya supu. Xi'an, mtaa wa Waislamu wa kabila la Hui, kuna guantang baozi, vifuko vya supu vya ng'ombe na kondoo, na duka la Jia San ndio lenye jina kubwa kwa hilo. Wengi wanavila na uji mtamu wa nafaka mchanganyiko pembeni, usiukatae. Na mkiwa Dubai, maana ndugu wengi mko huko, mgahawa wa Din Tai Fung una tawi na vifuko vya kuku vipo kwenye menyu.

Kuchagua duka

Mimi kanuni yangu ni duka la kitu kimoja. Ukiingia sehemu menyu ina kurasa 12, sushi, pizza, pho, xiaolongbao na kuku wa kukaanga, toka. Xiaolongbao inataka mtu ambaye kazi yake toka asubuhi ni hiyo tu, na unga unaosukumwa sasa hivi. Angalia kama kuna dirisha au meza unayoweza kuona watu wanafunga, sehemu nyingi nzuri wanaweka makusudi mbele ya macho. Pili, angalia kama wanakwambia subiri. Duka linalopika baada ya wewe kuagiza litakuweka dakika 10 mpaka 20, na hiyo ni habari njema.

Shanghai penye jina ni duka la Nanxiang pale bustani ya Yuyuan, karibu na hekalu la mungu wa mji, wapo tangu 1900. Foleni ya chini ni ya kubeba, ukipanda ghorofani unakaa na bei inapanda na wewe. Ni sehemu ya watalii, sikatai, lakini ukiwa na nusu siku tu mjini haina ubaya. Kwa anayetaka kujua kipimo cha kazi safi, Din Tai Fung ni Wataiwani, mzee Yang Bingyi alianza 1958 Taipei na biashara ya mafuta ya kula, biashara ikayumba, mwaka 1972 wakaanza kuuza xiaolongbao kuokoa duka, na leo wana matawi nchi nyingi. Wao kila kifuko ni mikunjo 18, unga gramu 5 na nyama gramu 16. Ni ghali ukilinganisha na mtaani, lakini ukila pale mara moja ulimi wako unapata kipimo cha kupimia wengine wote. Mimi binafsi kwa ladha bado naenda vichochoroni, ile ya mtaani ya Shanghai supu yake ni nzito na tamu kidogo, na ukiteremka Wuxi ni tamu zaidi mpaka mtu wa Pwani anayependa sukari atafurahi.

Muda nao. Wachina wanakula mapema, saa 5 na nusu asubuhi mchana umeshaanza, saa 11 na nusu jioni ni chakula cha usiku, na kwenye hizo saa utasimama. Nenda saa 4 asubuhi au saa 8 mchana. Ila vibanda vya kifungua kinywa tu, vingi saa 4 vinafunga kabisa, kwa hiyo anayesema nitaenda nikiamka ajue amekosa.

Kuagiza na kulipa

Sehemu nyingi kuna QR kwenye meza, unaskani na simu, menyu inatokea na picha, unachagua, unalipa hapo hapo. Fanya haya kabla hujasafiri: weka Alipay au WeChat, unganisha kadi yako ya Visa au Mastercard, thibitisha na pasi ya kusafiria. Siku hizi inakubali kadi za nje, zamani ilikuwa shida tupu. Yaani fikiria lipa namba ya huku kwetu halafu kila mtu mpaka muuza viazi anayo, ndio kule. Noti tembea nazo kidogo za akiba, kisheria wanatakiwa wazipokee, ila chenji inaweza kuwasumbua. Tafsiri ya kamera kwenye simu itakusaidia na menyu ya ukutani, ingawa majina ya vyakula inayachapa vibaya, angalia zile herufi za nyama nilizokupa badala ya kuamini sentensi nzima.

Agiza kikapu kimoja kwanza. "Yi long", kikapu kimoja. Kinakuja na vifuko 6, 8 au 10 kutegemea duka. Hili nasisitiza kwa sababu sisi tumezoea kuagiza vyote kwa pamoja meza ijae, na hapa ukiagiza vikapu 4 kwa wakati mmoja, cha nne utakila kimeshapoa. Maliza kimoja, agiza kingine. Mkiwa watu 3 au 4 agizeni viwili viwili. Usisahau supu nyepesi ya pembeni, mara nyingi ina mayai yaliyokatwa nyuzi nyuzi au mwani, inasafisha mdomo.

Shengjian, vile vifuko vya kukaanga nitakavyovieleza huko mbele, utakuta zinauzwa kwa liang, kipimo cha gramu 50, na liang moja ni vipande 4. Ukisema 2 wakakuletea 8 hawajakosea.

Bahshishi hamna. Ukiacha hela mezani mhudumu atakukimbiza barabarani kukurudishia. Tishu beba zako. Na mtu asiyekujua akija kukaa kwenye meza yako, msogezee kiti, ni kawaida, kama kwa mama ntilie saa 7 mchana.

Kula sasa

Wachina wenyewe wana wimbo wao mfupi wa hii kazi: qing qing ti, man man yi, xian kai chuang, hou he tang. Inua taratibu, sogeza polepole, fungua dirisha kwanza, halafu kunywa supu. Kila kitu kimo humo, mimi naongezea maelezo.

Wakati unasubiri tengeneza siki. Kisahani kidogo, siki nyeusi ya Zhenjiang ambayo inatengenezwa na mchele wa kunata, sio kali ile ya kwetu ya kukamua machozi, ina utamu na harufu fulani ya moshi. Weka na nyuzi za tangawizi mbichi. Wataiwani wanachanganya na soya, siki 3 kwa soya 1. Shanghai wengi ni siki na tangawizi basi, na mimi niko upande huo, soya inafunika supu. Pilipili iache kwa mara ya kwanza, najua ni ngumu kwa watu wetu, lakini onja kwanza uijue ladha yake.

Kikapu kikifika, kifunue, acha mvuke wa kwanza utoke kama nusu dakika. Unga ukitoka tu unakuwa laini mno na umeng'ang'ania karatasi au kitambaa cha chini, ukiuvuta sekunde hiyo unachanika. Nusu dakika unakaza kidogo.

Halafu vijiti. Shika kifuko juu, pale kwenye fundo mikunjo inapokutana, ndio pagumu kuliko kote. Usikibane tumboni. Usikichome. Kitikise taratibu kushoto kulia mpaka kitako kiachie, ndio unyanyue, na utakiona kinaning'inia kama mfuko wa maji, hiyo ndiyo dalili ya supu nyingi. Mkono mwingine una kijiko tayari, kile cha Kichina kirefu cha udongo, kiko chini yake toka mwanzo. Ukipasuka, kijiko kimeokoa supu. Kama vijiti hujavizoea kabisa tumia kijiko na kijiti kimoja cha kusukumia, hamna atakayekucheka, na ukiomba uma sehemu kubwa wanao.

Kipitishe kwenye siki kidogo, kiweke kwenye kijiko. Sasa ng'ata kidirisha pembeni, juu juu karibu na mikunjo, kitundu cha ukubwa wa punje ya hindi. Ukitoboa chini supu inakimbia yote. Acha mvuke utoke. Hapa ndio watu wanaungua, mule ndani supu ilikuwa inachemka dakika 2 zilizopita na unga unaificha, nje unaona vuguvugu ndani ni moto kamili. Puliza. Hesabu mpaka 10. Onja kwa ncha ya mdomo, ikikubali nyonya supu yote, taratibu, na hapo tulia uisikie, maana ndio sababu ya wewe kuja. Supu nzuri ni safi, tamu ya nyama, haiachi mafuta yanayoganda kwenye mdomo.

Ndio unaweka nyuzi 2 za tangawizi na tone la siki humo kwenye kitundu, unaingiza chote kilichobaki kinywani kwa mara moja. Kisha cha pili. Kikifika cha nne mkono umeshajua.

Kuna wanaokitupia chote mdomoni kikiwa kizima, na baadhi ya Wachina wanafanya hivyo kikiwa kimepoa kidogo. Usianze na hiyo njia, utaunguza kaakaa na safari yako nzima hutaonja kitu.

Kupima kama duka linajua kazi: kwenye unga uone kivuli cha supu ndani lakini unga usipasuke, fundo la juu lisiwe donge la unga mbichi, mikunjo iwe midogo ya karibu karibu. Na nyama ikitoka iwe laini inaachia, sio kidonge kigumu.

Ndugu zake wa karibu

Shengjianbao hii naipenda mpaka basi. Inakaangwa kwenye sufuria pana la chuma, maji yanamwagwa kidogo linafunikwa, chini inakauka crispi kama chapati iliyoungua vizuri, juu wanarushia ufuta na kitunguu cha majani. Xiaoyang ni cheni iliyojaa Shanghai na yao ina supu nyingi ya hatari, ukiing'ata vibaya inaruka na kumpata jirani. Inamisha kidogo kuelekea kwako, toboa juu, nyonya, ndio uendelee. Da Huchun wao ni mtindo wa zamani, unga umeumuka na supu ni kidogo, watu wa Shanghai hubishana juu ya hizi mbili kama sisi tunavyobishana pilau ya wapi.

Tangbao, kifuko kikubwa cha supu ya kaa cha mji wa Jingjiang, linakuja moja tu kwenye kikapu na mrija. Unachoma mrija, unanyonya. Tahadhari ya moto ni mara mbili hapo, mrija unapeleka supu moja kwa moja kooni. Msimu wa kaa ni vuli, kuanzia Septemba mwishoni mpaka Novemba, nje ya hapo sioni sababu ya kulipia.

Jiaozi ni za kuchemsha, hazina supu, zile nenda nazo haraka bila wasiwasi. Wonton kwa Shanghai inaitwa huntun, ndogo ya asubuhi ni nyepesi kama hewa. Na kwa kifungua kinywa ujue youtiao, ule unga mrefu wa kukaanga, ukiuchovya kwenye maziwa ya soya ya moto utakumbuka maandazi na chai.

Tambi za Lanzhou, mkombozi wa mfanyabiashara

Hapa ndio namtuma kila mtu wa Yiwu siku ya kwanza. Ni za Waislamu wa Hui, bango la qingzhen, zipo karibu kila mtaa wa kila mji wa China, na maduka mengi ya mashariki wenyewe wametoka wilaya ya Hualong, Qinghai. Supu ya ng'ombe, tambi zinavutwa kwa mkono mbele yako, bakuli yuan 15 hivi mpaka 25. Lanzhou kwenyewe wanaila asubuhi, sawa na sisi na supu na chapati, na kipimo chao cha bakuli zuri ni rangi 5: supu angavu, figili nyeupe, mafuta ya pilipili mekundu, kijani cha giligilani na majani ya vitunguu, na tambi zenye unjano.

Unachagua unene. Maoxi ni nyembamba kama nywele, erxi ni ya wastani, jiuye ni bapa nyembamba, kuan ni pana. Anayeanza achukue erxi. Ukitaka nyama zaidi sema "jia rou", nyama ya kawaida wanaweka vipande vichache sana, lazima nikwambie ukweli. Siki na pilipili viko mezani, nusu ya bakuli kula kama ilivyokuja, nusu ya pili weka siki, ni kama umekula mabakuli mawili.

Na hapa kasi inageuka. Kule kwenye kifuko nilikwambia subiri, hapa usisubiri hata kidogo, tambi ya kuvutwa ikikaa dakika 10 kwenye supu inavimba na kulegea. Inamia bakuli, vuta kwa vijiti, nyonya kwa sauti. Mama zetu walitufundisha tusitoe mlio mezani, na ni adabu nzuri nyumbani kwetu, ila huku ule mlio ndio unaopoza tambi ikiwa inaingia. Japani kwenye ramen, tambi zao za supu, ni hivyo hivyo, unanunua tiketi kwenye mashine mlangoni, unakaa kaunta, unakula dakika 15 unampisha mwenzio. Muislamu akumbuke ramen ya tonkotsu ni mifupa ya nguruwe. Na ukikutana na pho, tambi za supu za Vietnam, popote ulipo, onja supu tupu kwanza kabla ya kumwaga sosi, halafu chana majani weka kidogo kidogo, ndimu mwishoni.

Guangzhou ni mchezo mwingine

Mliozoea mitaa ya Xiaobei na Sanyuanli mnajua wali wa Kiafrika uko wapi, siku moja amkeni mapema mwende kunywa chai ya asubuhi, zaocha, kama wenyeji. Hapa haraka hamna kabisa. Wazee wanakaa na gazeti na buli moja masaa 3. Mnachagua chai, kila kichwa kinalipia chai, mnapewa bakuli la maji ya moto au mnatumia chai ya kwanza kusuuzia vikombe na vijiti, fanyeni tu kama meza ya jirani. Kisha karatasi ya kutiki: har gow ni kamba kwenye unga unaong'aa, cheung fun ni karatasi laini ya mchele iliyokunjwa, miguu ya kuku, keki ya figili. Siu mai na char siu bao ni nguruwe. Hata har gow wengine wanatia mafuta ya nguruwe kwenye kamba, kwa hiyo kwa asiyekula nguruwe lile bango la kijani la qingzhen ndilo liongoze, na Guangzhou ina Waislamu wa karne nyingi, msikiti wa Huaisheng ni wa zamani sana, migahawa yao ipo.

Mtu akikumiminia chai, gonga meza kwa vidole viwili, ndio asante yao, wanasimulia kwamba ilianza na mfalme Qianlong aliyejificha kama raia, watumishi wakashindwa kumpigia magoti hadharani wakatumia vidole. Buli likiisha acha mfuniko wazi pembeni, mhudumu akiuona anajaza bila kuitwa. Na vijiti usivisimamishe wima kwenye wali, vinafanana na udi wanaowasha kwa marehemu, vilaze.

Kwa walioko Dar au Nairobi wanaotaka kujaribu kabla ya safari, migahawa ya Wachina ipo Masaki, ipo Kilimani, na baadhi wana xiaolongbao. Piga simu kwanza, uliza wamefunga leo au wanatoa kwenye friza, nimewahi kuletewa za friza kwenye mgahawa mmoja, supu ilishavuja yote kabla hazijafika mezani. Ukipiga wakakwambia lazima ufike, uagize, usubiri dakika 20 maana mpishi anaanza kusukuma unga ukishakaa, chukua bodaboda uende.